Paneli zimefungwa, sasa dari linavuja: majibu ya maswali yenu ya sola na mabati

Tangu mvua zianze huku Kigoma, karibu kila ujumbe unaoingia una neno "inavuja" ndani yake, na wengi wenu mlifunga sola kiangazi, Julai na Agosti, wakati bati kavu na kila kitu kinaonekana kizuri. Kwahiyo safari hii naweka pembeni maswali ya inveta na betri, tuongee paa tu. Nimeanza na swali refu maana ndani yake kuna matatizo ya watu wengi.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Katubuka. Mwezi wa saba tulifunga paneli nne kubwa juu ya nyumba, bati ni msauzi (lile la migongo mirefu) geji 30, fundi alifanya kazi siku moja akamaliza na umeme ukawaka, tukafurahi. Mvua ya kwanza ikaleta doa kwenye dari la chumba cha watoto, ya pili maji yakadondoka kitandani kabisa. Fundi ameshakuja mara tatu, kila akija anapanda na silikoni anapakaa, siku mbili tatu kimya alafu inarudi, na sasaivi imeanza kuvuja hata sebuleni ambako hakuna paneli juu yake. Jipsamu imeanza kulegea. Mume wangu anasema zishushwe zote. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama, pole sana, najua dari la jipsamu likishanywa maji halirudi lilivyokuwa. Usizishushe zote kwanza. Mwambie baba watoto asubiri kidogo maana paneli zenyewe hazina kosa, na ukizishusha utabaki na matundu yale yale, tena sasa yakiwa wazi kabisa.

Naomba mtu apande (sio wewe na mtoto mgongoni tafadhali, na sio bati likiwa limelowa) aangalie kitu kimoja tu: ile miguu iliyoshika reli za paneli (zile fito ndefu za alumini zinazobeba paneli), skrubu zake zimepita kwenye mgongo wa bati au kwenye bonde? Picha uliyonituma haionyeshi vizuri lakini naona silikoni imetapakaa chini chini, na hiyo inanifanya nihisi ni bondeni. Bonde la bati ndio mto wa paa. Mvua ikipiga maji yote yanakimbilia pale, na tundu lililo bondeni linapitiwa na maji muda wote mvua inanyesha, lakini tundu lililo juu ya mgongo linapata matone yake tu alafu maji yanateleza pembeni. Fundi mvivu anapenda bonde kwasababu pale bati limelala juu ya papi, yaani mbao ambazo bati linapigiliwa, skrubu fupi inatosha na mguu unakaa bila kuyumba. Kwa mgongo inabidi atafute skrubu ndefu na asikaze mpaka mgongo ubonyee. Ndio tofauti yote hiyo.

Sasa kuhusu silikoni. Silikoni inasaidia pale ambapo kazi imeshafanyika sawa, yaani inakuwa ulinzi wa pili. Ukiiweka ndio mlinzi wa kwanza itakuangusha kila mwaka, maana bati la Kigoma mchana wa jua linawaka huwezi kuliwekea kiganja, jioni ikija mvua linapoa ghafla, linatanuka na kusinyaa kila siku, na ile silikoni iliyopakwa juu ya vumbi na masizi haijashika bati, imeshika vumbi. Alafu kuna jambo watu wengi hawalijui: silikoni ya bei rahisi inayonuka kama siki ukiipaka, ile harufu ni tindikali, inakula zinki ya bati pole pole, kwahiyo kile kilichowekwa kuzuia maji kinaanzisha kutu kuzunguka tundu. Kwenye mabati chukua ile isiyonuka siki, dukani waulize ya mabati, na kama muuzaji hajui, fungua mfuniko unuse.

Hiyo ya sebuleni ambako hakuna paneli nayo isikutishe. Maji hayadondoki pale yalipoingilia. Yanaingia juu, yanatambaa chini ya bati au juu ya papi mpaka yakute msumari au mwisho wa mbao ndio yanadondoka, inaweza kuwa mita mbili au zaidi kutoka kwenye tundu lenyewe. Kwahiyo ukiona doa usitafute juu ya doa, tafuta kupanda kuelekea kwenye kofia, kule juu kabisa paa linapokutana.

Njia ya kujua kwa uhakika ni hii, mtu mmoja aingie darini na tochi, mwingine awe juu na ndoo au mpira wa maji. Anaanza kumwaga chini kabisa karibu na fasia (ubao wa ukingo wa paa), anasubiri dakika kadhaa, kama kukavu anapanda juu kidogo, mguu kwa mguu. Mkianza juu maji yatatiririka kila mahali na hamtajua ni tundu lipi. Kabla ya hapo zimeni swichi ya inveta na ile ya kutenganisha paneli, na msichomoe soketi za nyaya za paneli wakati mfumo unafanya kazi, umeme wa paneli hauzimiki jua likiwepo na ukichomoa wakati umeme unapita kwenye nyaya unatoa cheche mbaya.

Mkishaona ni bondeni, miguu yote ihamie mgongoni, yote, sio ile miwili inayovuja leo tu, maana mingine itafuata. Yale matundu ya zamani yazibwe hivi: kwangua silikoni yote mpaka bati lionekane, futa na kitambaa chenye spiriti, kausha, alafu kata kipande cha bati la msauzi lenye mgongo ule ule, kizidi tundu sentimita 10 hivi kila upande, weka tepu ya butili (tepu nene ya kunata ya kuzuia maji) au silikoni ile isiyonuka chini yake kuzunguka kote, kibane kwa ribiti au skrubu fupi za mabati zenye raba. Upande wa juu wa kiraka ndio wa kuangalia sana kwasababu maji yanatoka juu. Kama bati moja lina matundu mengi kuliko manne matano, kwakweli badilisheni bati lenyewe, bei ya bati moja ni ndogo kuliko dari la chumba kizima.

Na kuhusu fundi wako, muite arudi hii kazi aifanye yeye kwa gharama yake, mwonyeshe hili jibu. Ukifunga paa la mtu ukatoboa, paa ni lako mpaka lisivuje.

SWALI: Habari fundi, mimi ni mwalimu wa Kasulu, bado sijafunga, natafuta hela ya paneli nne za wati 550. Nimesoma ya wenzangu nimeogopa. Naomba unieleze kama mtu ambaye atasimama chini akiangalia fundi anafanya, niangalie nini? Bati langu ni la migongo midogo, la zamani kidogo.

JIBU: Nzuri mwalimu, na hili ndio swali ninalolipenda kuliko yote maana umeuliza kabla.

Cha kwanza ni bati lenyewe. Umesema la zamani. Paneli inakaa miaka 25 na zaidi, ukiiweka juu ya bati lenye kutu utakuja kushusha kila kitu baada ya miaka michache ili ubadilishe bati. Kama lina kutu ya kupitiliza au misumari yake imeanza kuchomoka, badilisha kwanza upande ule wa paneli tu, upande mwingine usubiri. Na ile misumari ya zamani iliyowekewa vipande vya kandambili kama washa, wengi tunayo, jua limeshaikausha imepasuka, iondoe yote wakati fundi yuko juu.

Cha pili ni mbao. Skrubu ya mguu lazima iingie kwenye mbao. Bati la geji 30 haliwezi kushika paneli, na geji 32 ndio usiseme, ni karatasi (namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba zaidi). Zipo reli fupi fupi zinazofungwa juu ya bati tu bila kugusa mbao, zimetengenezwa kwa ajili ya bati nene, kwa mabati tunayonunua huku mimi sizifungi. Papi zako ziko wapi? Fundi hahitaji kubahatisha, mistari ya misumari ya bati inamuonyesha, kila mstari wa misumari una papi chini yake. Tena hapa kuna njia ninayoipenda sana: usitoboe tundu jipya kabisa. Ng'oa msumari wa bati uliopo pale mgongoni, tundu lipo tayari na papi ipo chini yake, weka mguu pale pale na skrubu nene na ndefu zaidi ya ule msumari. Unamaliza kazi paa likiwa na matundu yale yale liliyokuwa nayo asubuhi, na yote yana raba mpya.

Skrubu ndefu kiasi gani? Iingie kwenye mbao si chini ya milimita 40, ongeza urefu wa mgongo wa bati na unene wa mguu. Kwa migongo midogo itakuwa kama milimita 65 hadi 70, kwa msauzi inafika 75 au 80. Papi ya mbili kwa mbili inapasuka ukiikandamiza skrubu nene bila kuitobolea njia kwanza, kwahiyo atangulie na biti nyembamba kuliko skrubu. Na zile boliti zenye nyuzi za mbao chini na nati juu ni nzuri zaidi kwa migongo mirefu kwasababu mguu unakaa kwenye nati zake na hauubonyezi mgongo wa bati, ila lazima ije na ile raba yake nene ya koni.

Raba iwe ile nyeusi ngumu ya kiwandani inayostahimili jua, inaitwa EPDM. Tyubu ya baiskeli hapana. Kukaza nako kuna kipimo cha macho: raba inabonyea, inafikia ukingo wa washa, basi, acha. Ukiona raba imetoka nje ya washa kama ulimi ujue amekaza kupita kiasi, itapasuka ndani ya mwaka. Skrubu iliyoingia upande upande nayo itolewe, raba yake inashika nusu tu.

Alafu mwalimu, watu wanafikiri kazi ya mguu ni kubeba uzito. Paneli ya 550 ina kilo kama 28 tu, fundi wako mwenyewe ni mzito kuliko paneli mbili. Kazi kubwa ya mguu ni kuzuia paneli isipae. Ile paneli ina eneo la kama mita za mraba 2.6, upepo wa kilomita 100 kwa saa ukiingia chini yake unaweza kuinyanyua kwa nguvu ya karibu kilo 100, paneli moja hiyo, na wewe una nne. Wanaokaa Kibirizi na Bangwe wanajua upepo unaotangulia mvua unavyokuja kutoka ziwani. Skrubu iliyotikiswa na upepo misimu miwili tundu lake linapanuka na raba haizibi tena, kwahiyo kuvuja na kupeperuka chanzo chake kimoja. Ndio maana nataka miguu isiachane zaidi ya mita moja au moja na robo, na paneli zisifike kwenye ukingo wa paa, acha angalau sentimita 30 pande zote maana upepo una nguvu zaidi pembeni na kwenye kofia.

Reli ndefu pia ziangalie. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Reli ya mita 6 kutoka asubuhi ya baridi mpaka mchana wa jua kali, tuseme tofauti ya digrii 40, inarefuka karibu milimita 6 wakati bati la urefu huo limerefuka kama milimita 3. Hiyo tofauti inaenda wapi? Inavuta skrubu, kila siku. Kwahiyo reli zisiungwe zikawa ndefu bila nafasi, mita 4 au 5 ziishie pale, zianze nyingine na nafasi ya vidole viwili katikati, na paneli isikae juu ya ile nafasi ikashika reli zote mbili.

Mwisho kwa upande wako, akimaliza mwambie afagie paa. Nipo serious kabisa. Zile chenga za chuma za drili zinaota kutu usiku mmoja na kutu yake inahamia kwenye bati. Na asikate reli kwa grainda juu ya paa, cheche zinachoma rangi na zinki, akatie chini uwanjani.

SWALI: Fundi, niko Gungu. Paa langu la mbele linaangalia kusini, fundi anasema lazima anitengenezee fremu ya vyuma iinuke kama meza ili paneli ziangalie kaskazini, vyuma na kuchomelea laki kadhaa. Ni kweli?

JIBU: Hapana, okoa hela yako. Kigoma tuko kama digrii 5 tu kusini mwa ikweta, jua kwetu linapita karibu na utosi mwaka mzima, Machi mwanzoni na Oktoba mwanzoni linapita juu ya kichwa kabisa. Kuelekea kaskazini ni bora, kweli, lakini paa la mteremko wa kawaida linaloangalia kusini linapoteza asilimia chache tu, na mashariki au magharibi hivyo hivyo. Fremu iliyoinuka ndio inageuka tanga la jahazi, upepo wote unaingia chini, na miguu inavutwa juu kuliko paneli iliyolala sambamba na bati. Kwa ile hela ya vyuma ongeza paneli moja, utapata umeme mwingi kuliko ule unaoukimbiza.

Laza sambamba na bati, ila usigandishe. Acha nafasi ya sentimita 10 mpaka 15 chini ya paneli ili hewa ipite, paneli ikipata joto inapoteza nguvu, kila digrii moja juu ya 25 ni kama asilimia 0.35 mpaka 0.4 inaondoka. Nafasi hiyo pia inaruhusu majani kupita. Mteremko usiwe chini ya digrii 10 maana vumbi halitasafishwa na mvua.

SWALI: Mzee wangu, natokea Tabora, nyumba ya marehemu babu ina vigae vya udongo vya zamani. Nafunga vipi?

JIBU: Kwa upole mjukuu, na usitoboe kigae. Kigae kinasukumwa juu kidogo kwa mkono, chini yake unaona mbao za kenchi, ndoano ya chuma cha pua inafungwa kwenye kenchi na shingo yake inatokea kati ya kigae cha chini na cha juu yake, alafu kigae kinarudishwa. Kigae cha juu kitakalia shingo ya ndoano, kwahiyo kinachongwa kidogo kwa ndani kwa grainda ili kilale vizuri, usipochonga kitabaki kimeinuka na mvua ya upepo itaingia. Ndoano yenyewe isikalie kigae cha chini, iache upenyo mdogo, la sivyo mzigo ukija kigae kinavunjika. Tafuta vigae vya akiba kabla hujaanza, kutembea juu yake tu kutavunja kadhaa. Na miembe yenu ya Tabora ipogolewe upande huo, majani yakijaa juu ya paneli yanafanya bwawa.

SWALI: Nimepanga Mwanga, mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutobolewa bati. Nina paneli mbili tu za taa na tv.

JIBU: Ana haki yake, nyumba ni yake. Una njia mbili. Mwambie ile ya kubadilisha msumari wa zamani kwa skrubu yenye raba mpya bila tundu jipya, mwandikiane, wengine wakielewa wanakubali maana paa lao linakuwa bora kuliko lilivyokuwa. Akikataa, simamisha nguzo ya bomba la chuma uwani, ichimbiwe zege, paneli mbili juu yake, ukihama unahama nayo. Angalia tu kivuli cha nyumba na mti, kivuli cha tawi moja kinaweza kuangusha umeme wa paneli kuliko unavyodhani. Kuzilaza juu ya bati na kuzikandamizia matofali, nimeziona mjini hapa, hapana kabisa, siku upepo ukija tofali na paneli vyote vinashuka kwa watu.

SWALI: Fundi mimi yangu inadondosha asubuhi tu, hata siku ambazo mvua haijanyesha. Nimepakaa silikoni kila tundu. Ujiji.

JIBU: Hiyo sio kuvuja ndugu yangu, hilo ni jasho la bati. Usiku wa mawingu machache bati linapoa kuliko hewa ya ndani, mvuke wa jikoni na wa pumzi za watu unapanda darini unakuta bati la baridi unakuwa matone. Acha silikoni. Fungua njia za hewa darini, kwenye fasia au ukuta wa pembetatu, na moshi wa jiko utoke nje usiingie darini. Ukiona matone yamesambaa bati zima na yanakauka jua likipanda, ni jasho. Yakiwa sehemu moja na yanafuata mvua, ni tundu.

SWALI: Kaka, mimi ni fundi kijana naanza kazi, niko Tabora mjini. Nafunga miguu mgongoni, kwenye mbao, raba nzuri, nafagia. Bado mteja mmoja amenipigia kwamba inavuja, nimepanda miguu yote mikavu. Nimechanganyikiwa. Nyaya nimezipitisha kwenye tundu dogo karibu na kofia nikaziba na silikoni, na waya wa ethi (wa kupeleka umeme ardhini) nimeushusha juu ya bati.

JIBU: Mdogo wangu umeshajijibu, ni lile tundu la nyaya. Mafundi wengi wanahangaika na miguu kumi na mbili wanasahau tundu la kumi na tatu, ambalo ndio kubwa kuliko yote. Maji yanapenda waya, yanaushika na kuufuata mpaka ndani hata kama silikoni iko nzima, na waya unatikisika, silikoni inaachia.

Waya usipite kwenye bati kabisa kama unaweza. Ufuate reli mpaka ukingo wa paa, ushuke nje ya fasia ndani ya bomba, uingilie chini ya paa ukutani au kwenye pembetatu ya ukuta ambako mvua haifiki. Kabla haujaingia ndani uache ushuke chini ya tundu alafu upande tena kidogo, ule mkunjo wa chini ndio maji yatadondokea. Tundu la ukutani lichongwe likiinamia nje. Nyaya ziwe zile za sola zinazovumilia jua, na zifungwe kwenye reli zisilale juu ya bati, bati linazisugua na upepo mpaka ganda linakwisha, siku hiyo paa zima la mteja lina umeme.

Kama nyumba haina njia nyingine na lazima utoboe, toboa mgongoni, tumia kifuniko cha raba kilichotengenezwa kwa kazi hiyo chenye shingo ya kubana bomba, na bomba lenyewe juu likunjwe kama kipini cha fimbo, mdomo uangalie chini.

Na huo waya wa ethi wa shaba utoe juu ya bati leo leo. Shaba na zinki haviwezi kukaa pamoja, maji yakipita juu ya shaba yakadondokea bati la zinki au aluzinki yanakula ile ngozi, utakuta mstari wa kutu unafuata waya kutoka juu mpaka chini. Shaba ishuke ukutani. Pale inapokutana na reli ya alumini weka kiunganishi kilichopakwa madini ya bati (tin, sio bati la paa) ili shaba na alumini visigusane. Usiache kufunga ethi kwa kuogopa hilo lakini, radi za huku unazijua.

Lile tundu lako la kofia, kwangua silikoni, weka kiraka cha bati chenye tepu ya butili na ribiti kama nilivyomueleza mama wa Katubuka hapo juu, ukingo wake wa juu uingie chini ya kofia, sio juu yake. Mpigie mteja kabla hajakupigia tena, na ukienda beba mpira wa maji umwage mbele yake dakika kumi akiwa darini na tochi yake mwenyewe.